The Matrix Revolutions: kwa nini mwisho wa ile filme uliacha watu na njaa

Jumamosi iliyopita, hapa Mavivi, kwenye kibanda kimoja cha kuchajia telefone kando ya barabara ya taifa namba 4, vijana watatu walikuwa wanabishana. Haikuwa juu ya mpira, wala juu ya bei ya kakao. Mmoja wao alikuwa ameingiziwa filme tatu za The Matrix kwenye kadi memori, akaziangalia zote kwa siku mbili, na sasa alitaka mtu amrudishie pesa yake.

"Ya kwanza ni kali. Ya pili, iko sawa. Lakini ya tatu inaishaka vile? Neo alikufa ao hakufe? Na zile mashine zinarudia tu kwao, basi?"

Mwenye kibanda, baba wa miaka kama hamsini, akacheka. "Mwanangu, hiyo swali sisi tuliiuliza tangu 2004. Ungojee na weye."

Mimi nilikuwa pale nangojea betri yangu. Nilicheka pia, lakini nilirudi nyumbani na ile swali. Niko kati ya wale waliotoka ndani ya sali ya video mwaka ule wakiwa na hasira, na tangu hapo nimekuwa nasema kama wengine wote: sehemu ya tatu iliharibu. Safari hii niliamua kuziangalia tena zote tatu, pole pole, na maandishi ya Kifaransa chini, ili niweze kueleza ni nini kilitokea. Maana filme kuwa mbaya ni jambo moja, na watu kuvunjika moyo ni jambo lingine.

Kwanza tukumbushane. The Matrix ya kwanza ilitoka mwaka 1999. Waliyoitengeneza ni ndugu wawili wa Marekani wa jamaa ya Wachowski. Hadithi yenyewe: dunia hii tunayoiona, barabara, ofisi, nyama kwenye sahani, yote ni ndoto iliyopangwa na mashine. Watu wa kweli wamelala ndani ya vyombo vya maji, wamefungwa nyaya mgongoni, na mashine zinakamua joto la miili yao ili zipate umeme. Kijana mmoja, Neo (Keanu Reeves), anaamshwa na Morpheus (Laurence Fishburne), ambaye anaamini kwamba Neo ni Mteule, yule atakayewaokoa watu wote. Kuna Trinity (Carrie-Anne Moss), anayempenda. Kuna ajenti Smith (Hugo Weaving), adui mwenye suti na miwani nyeusi. Mwishoni Neo anapigwa risasi, anafufuka, anamshinda Smith, na anaruka angani.

Angalia vizuri huo mwisho. Hadithi ilikuwa imekwisha. Mtu ambaye risasi zinasimama mbele ya mkono wake, utamtia hofu na nini tena? Shida ya sehemu ya tatu ilianzia pale, kabla hata haijaandikwa. Lakini filme ilikuwa imeingiza dola zaidi ya milioni 460 duniani, na duka lenye wateja vile halifungwi. Sehemu ya pili na ya tatu zilitengenezwa kwa mfululizo mmoja, sehemu kubwa huko Sydney, Australia, na zote mbili zikatoka mwaka mmoja wa 2003: The Matrix Reloaded mwezi wa 5, The Matrix Revolutions tarehe 5 mwezi wa 11.

Siku ile ya tarehe 5 walifanya jambo ambalo halikuwa la kawaida. Filme ilianza kuonyeshwa saa moja ileile kwenye nchi mingi za dunia: asubuhi na mapema kule Los Angeles, mchana London, usiku Tokyo. Sababu moja ilikuwa kuwatangulia wale wanaoiba filme. Ukihesabu kwa saa zetu, ilikuwa saa kumi za mchana hapa Beni. Saa hiyo mimi nilikuwa natoka masomoni na daftari kichwani, juu mvua ilikuwa inanyesha. Sikujua kitu.

Kwetu ilifika baadaye, kwa njia ya kawaida: diski za VCD zilizovuka mpaka wa Kasindi pamoja na sabuni na sukari kutoka Uganda. Hapa vijana wa leo wanahitaji maelezo kidogo. Diski moja ya VCD inabeba kama dakika 74 mpaka 80, basi. Revolutions ina dakika 129. Kwa hiyo filme moja ilikuwa diski mbili, na diski ya pili mara mingi ilikuwa imekwaruzwa, imepotea, ao ni ya filme nyingine kabisa. Nawajua watu wazima, wenye watoto, ambao mpaka leo hawajaona nusu ya pili. Wao ukiwauliza kama filme iliishia vibaya, wanakuambia haikuishia.

Sali yetu ilikuwa ya mbao na bashi, mabenchi, televizyo moja, na gurupe ya mafuta nje ikipiga kelele. Kuingia ilikuwa bei ya mandazi mawili. Na mbele alisimama mfasiri. Uganda wanawaita VJ, na jina la VJ Jingo lilifika mpaka kwetu. Tanzania walikuwa na Lufufu. Kenya wanaye DJ Afro. Wetu hakuwa na jina kubwa hivyo, lakini alikuwa na mdomo. Kingereza alikisikia kidogo, Kifaransa vizuri, na pale aliposhindwa alitunga. Neo alimwita "huyu petit wetu". Zile roboti zenye mikia mingi ya chuma aliziita "wageni".

Kazi yake ilikuwa rahisi kwenye sehemu ya kwanza, maana wanapigana na unaona nani anampiga nani. Sehemu ya pili ndiyo ilianza kumchosha. Karibu na mwisho Neo anaingia ndani ya chumba chenye televizyo pande zote na anakutana na mzee wa ndevu nyeupe, Arshitekti, yule aliyechora dunia yote ya ndoto. Mzee anasema maneno mazito kwa dakika kadhaa. Mfasiri wetu alisikiliza, akanyamaza, kisha akasema: "Anamuambia kwamba maisha ni magumu." Watu wakakubali, tukaendelea.

Kumbe mzee alisema jambo lililopindua filme nzima. Alisema Neo si Mteule wa kwanza, ni wa sita. Kwamba Zion, mji wa watu huru chini ya ardhi, umekwisha kuharibiwa mara tano. Kwamba hata ile unabii wa Mteule ni mtego wa mashine wenyewe: wanaokataa ndoto wanapewa tumaini, wanakusanyika mahali pamoja, kisha wanafyekwa na kazi inaanza upya. Na tena, dakika za mwisho, Neo akiwa nje ya ndoto, kwenye dunia ya kweli, ananyoosha mkono na roboti zinaanguka. Namna gani? Hapa si ndani ya programu, hapa ni mwili na nyama!

Ndiyo maana watu wa dunia nzima walingojea sehemu ya tatu kwa miezi sita na vichwa vinawaka. Wengine walisema basi hata Zion ni ndoto nyingine juu ya ile ya kwanza. Ilikuwa swali tamu.

Na sehemu ya tatu ilijibu nini? Karibu hakuna. Mama mtabiri, yule mpishi wa biskuti, anamwambia Neo kwa sentensi mbili tatu kwamba nguvu ya Mteule inapita mipaka ya ile dunia na kurudi mpaka kwenye chanzo cha mashine. Basi. Ile habari ya Wateule watano waliotangulia, ambayo ilitunyima usingizi, inapita pembeni. Ni kama mtu anakuja kwako usiku, anagonga mlango, anasema "niko na habari kubwa ya jamaa yako", kisha ukifungua anaomba maji ya kunywa na kwenda zake.

Na mama mtabiri mwenyewe alikuwa na sura nyingine. Gloria Foster, aliyecheza hiyo nafasi, alifariki mwezi wa 9 mwaka 2001, sehemu ya tatu haijamalizika, na Mary Alice akachukua nafasi yake. Filme inajaribu kueleza: alipoteza sura yake kwa sababu ya uamuzi alioufanya. Lakini ni maneno ya haraka. Mfasiri wetu alituambia ni dada yake mkubwa. Haikuwa msiba pekee: Aaliyah, mwimbaji kijana aliyekuwa amepewa nafasi ya Zee, alikufa kwa ajali ya ndege mwezi wa 8 mwaka huohuo, naye Nona Gaye akamrithi.

Sababu nyingine ni ya wazi zaidi ukiangalia na saa mkononi. Jina la filme ni The Matrix, lakini Matrix yenyewe, ile miji ya ndoto, ile miwani, ile kuruka juu ya majengo, haionekani sana. Sehemu kubwa ni vita vya Zion: mashine zinatoboa ardhi, zinashuka kama nzige, roboti moja kwa kila mkaaji wa mji, na watu wanapiga bunduki kubwa mpaka mikono inakufa ganzi. Vita vimetengenezwa vizuri sana, sikatai. Lakini ni nani wanapigana? Kapiteni Mifune, ambaye tulimuona kidogo sana. Kijana mmoja anayeitwa tu Kid. Zee, mwanamke anayengojea bwana wake. Muda huo wote Neo na Trinity hawaonekani, na Morpheus, yule ambaye sehemu ya kwanza alikuwa kama nabii, amekaa kando ya Niobe ndani ya chombo anamsaidia kuendesha. Mtu aliyebeba imani ya wote, imani yake ilivunjwa na Arshitekti, na filme haimpi hata nafasi ya kulia vizuri. Kwangu mimi hiyo ndiyo kosa kubwa kuliko yote, hata kuliko swali la Neo.

Halafu kuna jambo ambalo sisi wa huku hatukuweza kulijua. Sehemu ya hadithi iliwekwa nje ya filme. Mwaka 2003 walitoa pia The Animatrix, filme fupi tisa za katuni, pamoja na mchezo wa kompyuta unaoitwa Enter the Matrix. Yule Kid, unaelezwa kwa nini anampenda Neo kama mungu wake ndani ya katuni moja. Habari ya kwamba mashine zimeanza kutoboa kuelekea Zion ilitoka kwenye katuni nyingine. Niobe na mwenzake Ghost walifanya kazi kubwa ndani ya ule mchezo. Mwenye kununua vyote alikuwa na hadithi nzima. Mwenye bei ya mandazi mawili alikuwa na vipande. Lakini hata huko Ulaya na Marekani watu mingi waliona filme tu, na wao pia walijiuliza: huyu kijana ni nani, na kwa nini yeye ndiye anafungua mlango wa mwisho?

Pesa zilionyesha. Reloaded iliingiza karibu dola milioni 740. Revolutions, miezi sita tu baadaye, kama milioni 427. Si hasara, maana inasemwa kuitengeneza kuligharimu karibu milioni 150. Lakini maana yake watu mingi waliokuwa ndani ya sali mwezi wa 5 hawakurudi mwezi wa 11, ao walirudi mara moja na wakawaambia wenzao wabaki nyumbani. Mwezi uliofuata tu, sehemu ya tatu ya The Lord of the Rings ikatoka, watu wakalia kwa furaha, na ikachukua Oscar 11. Hiyo trilojia ilikuwa na bahati: mwisho wake ulikuwa umeandikwa ndani ya kitabu miaka mingi mbele.

Sasa tuje kwenye mwisho wenyewe, ule ambao kijana wa Mavivi aliudai pesa.

Neo, akiwa amepofushwa macho, anaenda na Trinity mpaka mji wa mashine. Njiani chombo chao kinapanda juu ya mawingu meusi, na kwa sekunde chache Trinity anaona jua. Jua la kweli, ambalo hakuwahi kuliona maisha yake yote. Kisha wanaanguka tena chini, gizani, na anakufa. Nakumbuka mfasiri wetu hapo hakusema neno lolote. Gurupe tu ilisikika. Mtu akisema filme yote ni takataka, mimi namuonyesha hizo sekunde.

Kisha Neo anaongea na mkubwa wa mashine. Anamwambia: Smith amekuwa kama ugonjwa, amejizalisha mpaka amejaza dunia yote ya ndoto, na kesho atawafikia ninyi pia. Mimi naweza kumzuia. Bei yake ni amani. Mashine zinakubali. Neo na Smith wanapigana ndani ya mvua, Smith wengine maelfu wamesimama barabarani wakitazama. Na Neo anaacha kupigana. Anamuacha Smith amgeuze kuwa yeye. Maelezo ambayo wengi wanayakubali ni haya: mwili wa Neo ulikuwa umeungwa moja kwa moja na mashine, kwa hiyo Smith alipoingia ndani yake, mashine zilipata njia ya kumfikia Smith na kumfuta, yeye pamoja na nakala zake zote. Roboti zinageuka na kuondoka Zion. Mwili wa Neo unabebwa. Hakuna anayesema wazi amekufa ao amelala.

Ndani ya sali yetu watu walipiga kelele. "Anajiachilia? Namna gani anajiachilia?" Walitaka kuona mashine zinaungua. Na mzee mmoja aliyekuwa nyuma, mchukuzi wa sokoni, alisema jambo ambalo nililisahau kwa miaka mingi na likanirudia wiki hii: "Wanarudi na silaha zao?"

Kumbukeni tulikuwa wakati gani. Mwezi wa 4 mwaka 2003 makubaliano ya Sun City yalitiwa sahihi. Tarehe 30 mwezi wa 6 serikali ya mpito ikaundwa, ile ya 1+4, raisi mmoja na makamu wane, wale waliokuwa wanapigana sasa wamekaa meza moja. Redio kila asubuhi ilisema amani, amani. Na sisi hapa tulijua kwamba waliokuwa na bunduki msituni walikuwa bado nazo. Kisha jioni unalipa pesa yako ili uone angalau ndani ya filme adui anamalizika, na filme inakupa nini? Makubaliano. Yaliyofanywa na mtu mmoja, mbali, bila watu wa Zion kuulizwa, na mashine zinabaki na mji wao, nguvu zao, na watu mamilioni bado wamefungwa nyaya. Mwishoni Arshitekti anamuuliza mama mtabiri kama anafikiri amani hii itadumu, naye anajibu kwa kifupi kwamba itadumu kadiri itakavyoweza. Juu ya wale wanaotaka kutoka ndotoni, mzee anasema wataachiliwa. Sentensi moja.

Kwa hiyo sidhani sali yetu ilivunjika moyo kwa sababu zilezile za watu wa Paris ao New York. Wao walilalamikia swali ambalo halikujibiwa. Sisi tulilalamikia jibu, maana tulilijua. Nikiangalia leo, baada ya yote yaliyopita hapa tangu 2014, Oicha, Mbau, Eringeti, na hapa Mavivi kwenyewe, ninaona ule mwisho ndio sehemu ya filme isiyodanganya. Hata Morpheus anasimama anajiuliza kama ni kweli. Lakini kutodanganya si sawa na kueleza vizuri. Filme ilikimbia pale ilipopaswa kukaa: dakika nyingi sana kwa bunduki, dakika mbili kwa amani.

Mfasiri wetu, ili asipigwe, alitunga mwisho wake. Alitangaza kwamba Neo amelala tu, ataamka, na sehemu ya nne itakuja mwaka kesho, mulipe mapema. Wengine walilipa kweli.

Sehemu ya nne ilikuja mwezi wa 12 mwaka 2021, miaka 18 baadaye: The Matrix Resurrections, na safari hii Lana Wachowski aliifanya bila ndugu yake. Na ndiyo, Neo ameamka. Amani pia imeelezwa: mashine zilianza kupigana zenyewe kwa zenyewe juu ya umeme. Duniani haikupata watu wengi. Wakati ule korona ilikuwa bado inawazuia wengi kwenda sali, na huko Marekani ilitolewa siku ileile kwenye intaneti.

Nilirudi pale kibandani juzi kuwaambia hayo vijana. Nikawashauri, kama wanataka kuelewa, waangalie ya kwanza, kisha The Animatrix, halafu ya pili na ya tatu bila kupumzika kati, maana zile mbili ni filme moja ndefu iliyokatwa. Na waweke maandishi, wasitegemee sauti ya telefone.

Yule kijana alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama mimi ninayo hiyo ya nne. Sikuwa nayo. Mwenye kibanda akavuta droo, akatoa flashi nyekundu.

"Mimi ninayo," akasema. "Nililipa tangu 2004."